Blafu ngapi zinatosha? Kupanga beti zako za poka kuanzia flopu mpaka karata ya mwisho

Kwenye poka kila mchezaji ana karata mbili mkononi, na mezani zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa pamoja (ndo flopu), kisha ya nne, kisha ya tano, na kila hatua watu wanabeti. Umefika hiyo karata ya tano, ile tunayoiita riva. Poti, yaani rundo la chipu zilizokwishawekwa, ina chipu 180, mezani zimelala K ya shupaza, 8 ya shupaza, 3 ya uru, 2 ya maua na 7 ya kopa, wewe mkononi una Q na J za uru, yaani huna kitu, hata pea huna. Mwenzio kapiga cheki, yaani kapita bila kubeti, anakusubiri wewe. Unabeti au unaacha?

Wengi wetu hapo tunaanza kumsoma mtu usoni, mara kameza mate, mara kashika chipu kwa wasiwasi, na mimi nimecheza hivyo muda mrefu sana, siku nikihisi nablafu, yaani nabeti sina kitu ili mwenzio atupe karata zake, na siku nisipohisi naacha. Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba swali lenyewe nilikuwa naliuliza vibaya. Q-J ya uru peke yake haina jibu. Jibu linapatikana ukishajiuliza hivi: ile mikono mingine yote, yaani karata mbili za namna nyingine, ambayo ningefika nayo hapa, kwa njia hii hii, nikibeti flopu, nikabeti karata ya nne, ipi ningeibeti tena sasa hivi na ipi ningeiacha? Hilo kundi zima la mikono ndo renji yako, na blafu inapimwa ndani ya kundi, haipimwi ikiwa imesimama peke yake. Mwenzio haoni karata zako, anachoona ni beti tu, kwa hiyo kwake yeye beti yako ni kama mfuko uliofungwa, ndani kuna mikono mizuri na kuna mikono mitupu, na kazi yake ni kukisia mitupu ni mingapi.

Sasa mfuko uwe na mitupu mingapi? Hapa ndo watu wanapodhani ni suala la roho ngumu wakati ni suala la bei.

Mwaka 1950 mwanahisabati Harold Kuhn alitengeneza poka ndogo kabisa ili aweze kuitatua yote kwa kalamu. Karata tatu tu, J ndogo, Q ya kati na K kubwa, wachezaji wawili, kila mmoja anaweka chipu 1 mezani, anapewa karata moja, na beti ni ya chipu 1. Basi, mchezo wote ndo huo. Jibu lililotoka kwa mchezaji anayeanza ni zuri mno, nashauri ukae nalo kidogo: Q asiibeti kabisa, K aibeti mara tatu ya anavyoibeti J, na J yenyewe isizidi theluthi moja ya nyakati anazoipata. Yaani ukiamua kublafu J mara moja kwenye kumi, K unaibeti mara tatu kwenye kumi. Mwenzako akiona beti yako anajua kwenye kila beti nne tatu ni za kweli na moja ni geresha, anajua kabisa, na kujua huko hakumsaidii kitu.

Kwa nini tatu kwa moja? Poti ilikuwa na chipu 2, wewe umeongeza 1, kwa hiyo anayetaka kukoli, yaani kulipa beti yako ili karata zifunuliwe, analipa 1 ili apate 3. Akishinda mara moja katika nne anarudisha hela yake kamili, hapati hapotezi. Ukiblafu zaidi ya hapo anakukoli kila saa na anakula, ukiblafu pungufu ya hapo anatupa kila saa na K yako haipati hata chipu moja ya ziada. Na kwa nini Q haibetiwi? Kwa sababu ukiibeti, mwenye J anatupa na mwenye K anakoli, ulichofanya ni kumfukuza yule uliyekuwa unamshinda ukabaki na anayekupiga. Mkono wa kati unapenda kufika mwisho kwa bei rahisi. Unaobeti ni mkono wa juu kabisa na mkono wa chini kabisa, na kwenye karata ya mwisho hili halibadiliki sana hata ukihamia kwenye poka kamili yenye karata 52.

Kwa hiyo ukubwa wa beti yako ndo unaamua idadi ya blafu zako. Ukibeti theluthi ya poti, mwenzio anahitaji kushinda asilimia 20 tu ya nyakati, kwa hiyo kwenye karata ya mwisho asilimia 20 ya beti zako ziwe blafu. Nusu ya poti ni asilimia 25, robo tatu ni 30, poti nzima ni 33, na ukibeti mara mbili ya poti ni 40. Angalia inavyoenda: beti kubwa inabeba blafu nyingi zaidi. Watu wengi nimewaona wanafanya kinyume chake, wana mkono mtupu wanaweka beti ndogo kwa sababu wanaogopa kupoteza, halafu wakipata mkono mkubwa ndo wanasukuma chipu zote, na baada ya saa moja kila mtu pale mezani anawasoma kama gazeti. Januari 2017 programu ya Libratus, iliyotengenezwa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza mikono 120,000 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa kule Pittsburgh na ikawashinda, na moja ya mambo yaliyowasumbua ni beti zake zilizozidi poti mara kadhaa, kwa sababu ndani ya beti hizo kulikuwa na mikono mikubwa kweli na mitupu kweli kwa kipimo kinachokaribiana na bei yenyewe.

Turudi kwenye mkono wetu tuuhesabu, maana bila kuhesabu haya yanabaki maneno. Uliongeza dau kabla ya flopu ukiwa wa mwisho kucheza, mwenzio akakoli. Poti ilikuwa 20, flopu ukabeti 20 akakoli ikawa 60, karata ya nne ukabeti 60 akakoli ikawa 180, sasa unafikiria kubeti 180. Mikono yako mizuri ni ipi? Seti (karata tatu za namba moja) ya K zipo namna 3 (K moja iko mezani, zimebaki tatu, pea tatu zinatengenezeka), seti ya 8 namna 3, seti ya 3 namna 3. A-K ni namna 12, maana A nne mara K tatu. K-8 za maua pamoja au za rangi nyingine moja, namna 3. Jumla 24, A-A tuseme mara hii umeziweka upande wa cheki. Tuseme K-Q umeamua si ya kubeti mara tatu mfululizo, ni sawa, kwenye ubao huu, yaani karata hizi za mezani, naikubali.

Mikono 24 ya kweli, beti ya poti nzima, kwa hiyo unatakiwa uwe na blafu 12. Jumla 36.

Sasa vaa viatu vya mwenzio, ana pea ya 8. Analipa 180 ili apate 360. Mara 12 kwenye 36 anakuta geresha anabeba 360, mara 24 anapoteza 180, ukipiga hesabu inatoka sifuri kamili. Hana la kufanya lenye faida kuliko lingine. Ukiwa na tamaa ukaweka blafu 18 badala ya 12, kila akikoli anapata wastani wa chipu 51 na kidogo kutoka kwako, hata kama mkono mmoja mmoja unaonekana umemshinda akili. Ukiwa mwoga ukaweka blafu 3 tu, akikoli anapoteza wastani wa chipu 120, kwa hiyo hakoli, anatupa zote, na ile seti yako uliyoilea tangu flopu inaambulia poti iliyokuwepo tu. Na kitu kingine, ana K-J badala ya pea ya 8? Hali yake karibu ni ile ile! K-J inashinda blafu zako zote 12 na inapigwa na mikono yako yote 24, sawa na pea ya 8. Mtu anaona ana pea ya juu anajisikia yuko salama, kumbe mbele ya renji hii mikono hiyo miwili inafanya kazi moja, kukamata blafu basi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ukirudi nyuma kutoka karata ya mwisho kuelekea flopu. Kwenye karata ya mwisho una mikono 36. Ukiwa karata ya nne, ile mikono 36 itakayoendelea kubeti ndo inayomtesa mwenzio, hata zile 12 zitakazokuwa blafu, kwa sababu akikoli sasa atakutana na beti nyingine ya poti nzima ambayo haimwachii faida. Kwa hiyo kwenye karata ya nne zile 36 zote zinahesabiwa kama nguvu, na kwa beti ya poti nzima zinatakiwa ziwe theluthi mbili, maana yake unaweza kubeti mikono 54. Rudi tena hatua moja, 54 ni theluthi mbili ya 81. Flopu 81, karata ya nne 54, karata ya mwisho 36, na ndani yake ile mikono ya kweli ni 24 ile ile muda wote. Kwa hiyo kwenye flopu mikono 57 kati ya 81 bado si mikono ya kweli, ni asilimia 70! Kwenye karata ya nne ni 30 kati ya 54, na mwisho 12 kati ya 36.

Ukiielewa picha hiyo utaona kwa nini mtu anayebeti flopu akiwa na pea ya juu kwenda mbele tu ni rahisi sana kuchezewa, na pia utaona kosa la pili ambalo ndo langu la miaka mingi: kubeti flopu na kila kitu (ambayo si mbaya), halafu kushindwa kuacha. Katika kila hatua theluthi moja ya mikono yako inatakiwa isimame. Kuacha ni sehemu ya hesabu, usijione umeshindwa. Ukiona kila blafu uliyoianza flopu inafika mpaka mwisho, jua kwenye mfuko wako kuna mitupu mingi mno.

Hesabu hiyo ina masharti yake lakini, isikulevye. Imechukulia beti zote ni za poti nzima, blafu hazigeuki kuwa mikono mizuri na mikono mizuri haipitwi. Mezani haiko hivyo. Mkono unaosubiri flashi, yaani karata tano za rangi moja, kwenye flopu una karata 9 za kuukamilisha, ni kama asilimia 35 mpaka mwisho, na ukibaki na karata moja ni karibu asilimia 20. Kwa hiyo zingine zinahamia upande wa kweli njiani, na ndo maana flopu blafu zako ziwe hasa hizi zenye pa kwenda. Ukibeti kidogo kidogo kila hatua pia namba zinashuka. Ila umbo lake linabaki vile vile, pana kwenye flopu, jembamba mwisho.

Tuje kwenye zile 12, tuzichague zipi? Jibu la haraka la kila mtu ni flashi zilizokosa, shupaza zote zilizokuwa zinasubiri. Ukizihesabu kwenye ubao huu, ukichukua zile tu ambazo hazijapata hata pea, zinapita 15, yaani ukiblafu zote ushazidisha tayari kabla hujagusa kitu kingine. Halafu kuna tatizo kubwa zaidi. Mwenzio naye anaweza kuwa alikuwa anasubiri shupaza, na hiyo mikono ndo hasa unayotaka awe nayo, kwa sababu ataitupa ukibeti. Nje ya K na 8 zilizoko mezani kuna shupaza 11, zinatengeneza pea za shupaza-shupaza 55. Ukishika mbili wewe, zimebaki 9, zinatengeneza 36 tu. Umemwondolea mwenyewe mikono 19 ambayo ingekimbia, ingawa kweli si yote angefika nayo hapa.

Q-J ya uru sasa. Haina shupaza hata moja. Ina Q na ina J, na mikono ambayo mwenzio anakoli nayo sana hapa ni K-Q na K-J. Kila mmoja kati ya hiyo ungekuwa namna 12, lakini kwa sababu Q moja na J moja ziko kwako kila mmoja unabaki namna 9. Mikono 24 inayokoli imekuwa 18 bila wewe kufanya lolote, ni karata zako tu zimekaa njiani. Na mkono wenyewe ukifunuliwa haumpigi karibu mtu yeyote, kwa hiyo hupotezi chochote kwa kuugeuza blafu. Vitu vyote vitatu vimekubali. Mimi hapa nachukua Q-J, Q-10 na J-10 za kopa, uru na maua, hizo ni tisa, naongeza shupaza za chini kabisa 6-5, 6-4 na 5-4 ambazo hata mwenzio akiwa mtupu zinapigwa, zinakuwa 12. A-Q ya shupaza naiacha, kwa sababu A yake inaweza kushinda ikifunuliwa dhidi ya flashi nyingine iliyokosa. Ndo ile Q ya Kuhn tena, mkono wa kati.

Kwa hiyo swali la mwanzo, ndiyo, unabeti 180. Na ungekuwa na Q-J ya shupaza ungepiga cheki, karata zile zile kwa namba, rangi tofauti.

Flopu yenyewe inataka maneno kidogo, maana si kila ubao unaruhusu kubeti hivi. K-8-3 ni rafiki wa aliyeongeza dau: wewe una A-A, K-K, A-K, wakati mwenzio angekuwa nazo kwa kawaida angerudisha dau kubwa kabla ya flopu. Juu umejaa kuliko yeye, kwa hiyo wengi siku hizi wanabeti theluthi ya poti na karibu renji yote, na inafanya kazi. Ubao wa 7-6-5 mambo yanageuka. Aliyekoli ana 9-8, ana 4-3, ana 7-6, seti za chini, na A-K yako haina lolote pale. Hapo beti mikono michache, piga cheki sana, na ukibeti beti kubwa kidogo. Ukikariri asilimia bila kuangalia ubao ni wa nani zitakuponza.

Na cheki nazo zinataka ulinzi, hili watu hawalisemi vya kutosha. Ukiweka mikono yako yote mizuri upande wa beti, cheki yako inakuwa tangazo kwamba huna kitu, jamaa anayejua atakuwa anabeti kila unapopiga cheki. Kwa hiyo K-Q, A-A mara nyingine, hata seti mojamoja, ziende cheki.

Mizani yote hii ni ya pale usipomjua mtu. Mwaka 1944 John von Neumann na Oskar Morgenstern walieleza kwamba blafu ina kazi mbili, kushinda poti kwa mkono dhaifu na kumfanya mwenzio akukoli unapokuwa na mkono wa kweli. Mtu asiyetupa karata kwa lolote keshakufanyia kazi ya pili bure, na ya kwanza haiwezekani kwake, basi blafu zako 12 ziwe sifuri na beti zako za kweli ziongezeke, hata K-Q iingie. Na yule anayekimbia? Ukibeti poti nzima unahitaji atupe nusu ya nyakati tu, nusu poti ni theluthi moja. Akitupa zaidi ya hapo karata zozote mbili ni blafu nzuri, tena usione aibu kumblafu mara nyingi mpaka abadilike. Akibadilika unarudi kwenye namba zako.

Mazoezi yenyewe nafanya hivi. Nikimaliza kucheza nachukua mkono mmoja tu, naandika ubao juu ya karatasi, upande mmoja mikono ya kweli, upande wa pili blafu, nahesabu namna zote kwa kidole. Mara ya mwisho ilikuwa ubao wa chini wenye streti (karata tano zinazofuatana) nyingi, nilibeti nusu ya poti kwenye karata ya tano, nikakuta kwa jinsi ninavyocheza kweli nina mikono ya kweli 15 na blafu 31, wakati bei ile inaruhusu 5. Nikaanza kukata kwa kalamu, kwanza zote zenye A, halafu zilizokuwa zinasubiri flashi, nikabaki na 9, nikakaa nazo mpaka usiku nikitafuta nne za kutoa.